Ushauri: Kampuni ya bima inanidai nyongeza baada ya kukagua malipo ya mafundi

Mjenzi wa Kariobangi

Ndugu zangu, naomba ushauri. Mimi ni mkandarasi mdogo hapa Nairobi, niliyesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi. Baada ya mafuriko ya Aprili na Mei 2024 nilipata kazi za kurudishia watu kuta, paa na mabomba upande wa Mathare na Mukuru. Nilikata bima ya wafanyakazi wanaoumia kazini, ile tunayoiita WIBA, kwa makadirio ya mishahara ya shilingi 1,200,000 kwa mwaka.

Kazi zilifuatana kuliko nilivyotarajia. Mwaka wa bima ulipokwisha, mkaguzi alipitia taarifa zangu za M-Pesa na za benki, akajumlisha shilingi 4,600,000 na kuzihesabu zote kuwa mishahara. Kwa kiwango cha asilimia 2, ada imetoka 24,000 na kufika 92,000, nami natakiwa kuongeza 68,000. Ndani ya jumla hiyo zimo 2,100,000 nilizowalipa fundi wa mabomba na fundi wa paa, ambao walijinunulia vifaa. Daftari langu la mahudhurio liliroa stoo ilipovuja, kurasa zikagandamana. Je, nina haki ya kukataa?

Dalali wa Zamani

Ndugu, usikatae ukaguzi, pinga hesabu. Ada uliyolipa mwanzoni ilikuwa ya makadirio tu, na hati ya bima ya aina hii kwa kawaida huiruhusu kampuni ya bima kurekebisha ada kwa mishahara iliyolipwa kweli. Kama ungelipa mishahara pungufu ya makadirio, wewe ndiwe ungedai kurudishiwa, ingawa hati nyingi huweka kiwango cha chini kisichorudishwa.

Mabati na mabomba hayaumii kazini, kwa hiyo bei yake haimo katika mishahara. Tatizo ni kwamba M-Pesa humwonyesha mkaguzi jina la fundi na kiasi alichopokea, haimwonyeshi kilichonunuliwa. Tafuta risiti. Tuseme vifaa vilikuwa 1,300,000: mishahara inabaki 3,300,000, ada inakuwa 66,000, na deni lako linashuka hadi 42,000. Tena, ikiwa mafundi hao wawili walikuwa na bima yao ya WIBA wakati huo, omba nakala za hati zao, kwa sababu hata ile 800,000 inayobaki katika 2,100,000 kama malipo ya kazi yao inaweza kuondolewa.

Mama Mjengo

Naunga mkono, ila naomba nikuonye kwa jambo nililoliona mwenyewe. Kuna watakaokushauri useme vibarua walikuwa wachache. Usithubutu. Kijana wangu mmoja alianguka kutoka kwenye jukwaa la miti, akavunjika nyonga, na swali la kwanza la kampuni lilikuwa kama jina lake limo katika orodha na alilipwa kiasi gani. Kwa sheria ya WIBA ya 2007, fidia ya kifo au ulemavu kamili wa kudumu ni mapato ya miezi 96. Ukificha mishahara ili kuokoa elfu arobaini, kampuni inaweza kulipa pungufu ya hapo, na pengo hilo utalijaza wewe kutoka mfukoni, na familia ya mtu itakuwa inakungoja mlangoni.

Karani wa Hesabu

Daftari usilitupe. Lianike kivulini, kisha tenganisha kurasa polepole kwa kisu kisicho na makali. Wino huenda umesambaa, lakini yaliyoandikwa kwa penseli kwa kawaida hubaki. Kwa kila eneo la kazi, linganisha siku za mahudhurio na malipo ya M-Pesa ya wiki hiyo. Kuanzia sasa, fundi akikuletea bei, mwambie aandike kazi peke yake na vifaa peke yake, na umlipe mara mbili hata kama ni siku moja. Kampuni ikikataa ushahidi wako bila sababu, peleka malalamiko kwa maandishi kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima.

Mjenzi wa Kariobangi

Nawashukuru sana. Nimeshafungua kurasa kumi na moja, na majina ya Mukuru yanasomeka, maana msimamizi wangu huandika kwa penseli. Fundi wa paa amekubali kunipa risiti za mabati. Wa mabomba anasema alinunua bila risiti, kwa hiyo kesho asubuhi tutakwenda naye kwa mwenye duka tuone kama kitabu chake cha mauzo bado kipo.