Nimepokwa ualimu wa kwaya, nimebaki besi. Nikimsahihisha mwalimu mpya ni kiburi?

MzeeWaBesi:
Tumsifu Yesu Kristo wapendwa. Naombeni ushauri, hasa mliowahi kufundisha kwaya.

Nimeifundisha kwaya ya parokia yetu miaka mingi. Mwezi uliopita viongozi wamemleta kijana aliyesomea muziki. Nota anazisoma kama gazeti, kinanda nacho anakimudu. Mimi najua tonika solfa (ile ya do-re-mi) na sikio langu, basi. Tangazo lilitolewa mbele ya wanakwaya wote nami nimekaa hapohapo, sikudokezwa lolote. Nikapiga makofi na wengine.

Sijahama, naimba besi. Shida ni mazoezini. Juzi tulikuwa na wimbo wa matoleo ambao sauti ya pili inashuka ghafla kwenye kiitikio. Kila tukirudia wanapotea palepale, na kijana anazidi kuongeza sauti ya kinanda. Dawa yake naijua: unazima kinanda, unawaacha waimbe na besi peke yao mpaka waisikie nafasi yao. Nikanyamaza. Wenzangu wakanigeukia, nikainamia karatasi. Mke wangu anasema huo ndio unyenyekevu, nimwache mtoto wa watu afanye kazi yake. Lakini nikisema ukweli, kuna kitu ndani yangu kinafurahi wakikosea. Nikiongea nitaonekana nakitaka kiti. Nifanyeje?

Chapakazi:
Milele amina. Hamia kwaya nyingine mkuu, utapata presha bure.

MamaMatoleo:
Chapakazi, kila mtu akihama akiudhiwa, makanisani watabaki mapadre peke yao 😂

Shemeji yetu simuungi mkono, anisamehe. Wewe umeona sauti ya pili wanaaibika, dawa unayo mfukoni, umeikalia. Hapo aliyenufaika ni nani? Ila usimsahihishe mbele ya watu. Subiri mazoezi yaishe, msaidie kubeba kinanda, mwambie, "Mwalimu, pale kwenye kiitikio sisi tulizoea kufanya hivi, sijui wewe unaonaje." Na umwite mwalimu. Hilo neno likikukwama kooni ndipo utajua una kazi kubwa kiasi gani.

Mruvuma:
Nimekulia karibu na abasia ya Peramiho, nimewasikia sana watawa Wabenediktini na Kanuni yao, yaani kitabu cha taratibu za maisha yao ya utawa. Watu huirukia sura ya 7, yenye ngazi ya unyenyekevu ya hatua 12. Wewe soma sura ya 57, ni fupi mno. Inahusu mafundi wa monasteri: wafanye ufundi wao kwa unyenyekevu, na fundi akianza kujivuna akidhani anaifadhili monasteri kwa ujuzi wake, aondolewe kwenye kazi hiyo hadi anyenyekee na abate amrudishe. Sisemi ndicho kilichokupata. Lakini jiulize kama uliwahi kuona kwaya inadaiwa na wewe.

Sura ya 3 nayo inataka ndugu wote waitwe kwenye shauri, kwa sababu mara nyingi Mungu humfunulia aliye mdogo lililo bora. Huyo kijana anaweza kuwa na vitu vya kukufundisha, hata nota zenyewe.

MsharikaTu:
Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni wa KKKT, Mlutheri, naingilia kidogo. Mmemkalia mzee kooni, mbona hakuna anayewasema viongozi? Kumtangaza mtu hivyo bila kumwita kwanza si uungwana. Mathayo 18:15 inasema ukikosewa na ndugu yako, nenda mkayamalize wawili. Na Yesu huyohuyo aliyetawadha miguu ya wanafunzi, usiku uleule alipopigwa kofi mbele ya kuhani mkuu aliuliza kwa utulivu anapigwa kwa kosa gani (Yohana 18:23). Kunyenyekea hakumzuii mtu kuuliza. Mfuate mwenyekiti, mwambie, "Uamuzi nimeupokea, ila namna mlivyonitangaza imeniumiza." Kisha nyamaza, usiombe kurudishwa.

MamaMatoleo:
Hapo kwenye "usiombe kurudishwa" piga mstari.

MzeeWaBesi:
Asanteni, hata mlionichoma. Mruvuma, umenigusa pabaya.

Mwenyekiti nimempigia, tunaonana Jumamosi baada ya misa ya asubuhi. Kijana naye kanitumia ujumbe sasa hivi, anauliza kama nina karatasi za zamani za nyimbo za Alhamisi Kuu, hasa za kutawadha miguu, maana kabati la kwaya halina kitu. Ninazo zote, nimeandika kwa mkono. Nimpe nakala au nimpe zenyewe?

Chapakazi:
Toa kopi kwanza mzee. Unyenyekevu na kupoteza karatasi ni vitu viwili tofauti.