Utando wa polietasulfoni unashika damu: nianze kurekebisha wapi?

Mwanakemia
Ndugu wanajukwaa, kwa tasnifu yangu ya uzamili ninatengeneza utando wa polietasulfoni (aina ya plastiki) wa kuchujia damu. Maji yanapita vizuri, lakini nikiuzamisha kwenye damu kwa saa moja kisha nikausuuza, hubaki tabaka jekundu lisilotoka hata kwa maji ya chumvi. Msimamizi wangu anapendekeza niufungie heparini (dawa ya kuzuia damu isigande), ilhali mimi nilidhani kuchanganya polivinilipirolidoni, polima inayovuta maji, kunatosha. Kipi kitangulie?

Fundi wa Tando
Kabla ya kuulaumu utando, tueleze kama damu hiyo ilitiwa sitreti, kemikali ya kuzuia isigande, kwa sababu isiyotiwa kitu huganda yenyewe kwenye chupa ya kioo baada ya dakika chache, na hapo jaribio halisemi lolote. Kama ilitiwa, shida inaanzia kwenye protini: polietasulfoni haipatani na maji, hivyo fibrinojeni, protini ya kugandisha damu, huing'ang'ania ndani ya sekunde chache, nazo chembe sahani, zile chembe ndogo za damu zinazosaidia kuganda, zikija hujishikiza papo hapo. Polivinilipirolidoni huvuta maji na kuuvisha utando ngozi nyembamba ya maji, protini zikakosa pa kushika. Ndiyo maana imechanganywa katika dializa (vichujio vya kusafishia damu ya wagonjwa wa figo) nyingi za polisulfoni zilizoko sokoni. Ubaya wake ni kwamba huyeyuka, na ile isiyofungamana vizuri huchuruzika hadi kwenye damu. Anza nayo, lakini pima na kinachotoka.

Muuguzi wa Figo
Mimi si mkemia, ninahudumia chumba cha kusafishia damu. Tukimaliza kumrudishia mgonjwa damu yake baada ya saa 4, huinua dializa kwenye mwanga: nyuzi zilizosalimika ni nyeupe, zilizoganda zina mistari myekundu. Mgonjwa aliyetoka kupasuliwa hatumpi heparini, bali tunasuuza dializa kwa maji ya chumvi kila nusu saa, kazi isiyompa mtu nafasi hata ya kuketi. Kwa hiyo wazo la msimamizi wako lisitupwe.

Mwanakemia
Ahsanteni. Sitreti ilikuwemo. Je, nikipandikiza vikundi vya salfoneti, vyenye chaji hasi vinavyoiga heparini, sitapata yote mawili, yaani kuvuta maji na kuzuia kuganda?

Fundi wa Tando
Huenda, ila chaji hasi ina gharama yake. Utando wa dializa uitwao AN69 ulikuwa na chaji hasi nyingi iliyochochea bradikinini, kemikali ya mwili inayotanua mishipa ya damu na kushusha presha, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 wagonjwa waliokuwa wakimeza dawa za presha kama kaptoprili, ambazo huzuia bradikinini isivunjwe, waliishiwa presha na kubanwa pumzi dakika chache tu baada ya kuunganishwa na mashine. Baadaye AN69 ulipakwa polietilenimini, polima ambayo chaji yake chanya hushika hata heparini. Selulosi nayo, kwa haidroksili zake, iliamsha mfumo wa komplementi, yaani protini za kinga zilizomo kwenye damu, na chembe nyeupe zikapungua kwenye damu ndani ya dakika 15 za kwanza, hata pale ambapo hakuna kilichoganda. Kwa hiyo, pamoja na kuganda, pima C3a, kipande cha protini kinachotokea komplementi ikiamshwa, na uhesabu chembe sahani kabla na baada ya damu kugusa utando.