Dada kafanyiwa operesheni ya uzito Dar, karudi Mwanza kachomwa diklofenaki. Hivi hawa madaktari hawaongei?

Wakuu, nimekaa na hili wiki mbili nikidhani hasira itapoa. Haijapoa.

Dada yangu anauza dagaa Mwaloni, Kirumba. Mwili ulikuwa mkubwa, magoti yamesagika, miaka sita anaanza siku na diklofenaki kabla hata ya chai. Mwaka huu ukoo mzima tulichanga akaenda Dar kwenye upasuaji wa kupunguza uzito, ule wa kukata tumbo kibaki kifuko kidogo, kisha kinaungwa na utumbo mwembamba. Operesheni yenyewe sina neno nayo, waliifanya vizuri. Ninachowalaumu ni habari ya maumivu, kwamba hakuna aliyeishika toka mwanzo mpaka mwisho.

Daktari wake wa magoti wa hapa Mwanza hakuulizwa chochote. Kule Dar aliambiwa tu aache dawa za maumivu wiki moja kabla. Atumie nini badala yake? Aache mpaka lini? Kimya. Yeye akachukulia ni kama kule kufunga kula usiku wa kuamkia operesheni, ukishatoka unaendelea na maisha.

Mwezi wa pili baada ya operesheni magoti yakamshika tena. Akaenda zahanati ya mtaani na karatasi yake ya ruhusa, ambayo ina tarehe ya kliniki, vitamini, supu na uji mwepesi, basi. Akasema kwa mdomo wake kwamba amekatwa tumbo. Akajibiwa, "Usijali mama, tutakuchoma sindano, sindano haipiti tumboni." Kachomwa diklofenaki siku tatu, kisha vidonge kwenye kile kibahasha cha kaki, 1x3.

Haipiti tumboni! Jamani, diklofenaki, ibuprofeni na wenzao haziumizi tumbo kwa kuligusa tu. Zikishaingia kwenye damu zinapunguza kinga ya ukuta wa tumbo dhidi ya asidi, uwe umemeza au umechomwa. Na kwa mtu wa operesheni hii, pale kwenye maungio ndipo vidonda hupenda kutokea. Haya nimeyajua baada ya dada kupata choo cheusi kama lami na kuanguka bafuni, tukatoka naye Nyakato saa nane za usiku. Kaongezewa chupa mbili za damu. Kamera ilipopitishwa mdomoni, kidonda kikaonekana palepale kwenye maungio.

Mstari mmoja tu ungetosha kwenye ile karatasi: asipewe dawa za jamii ya diklofenaki, si za kumeza wala za sindano. Wangemwandikia paracetamol kwa ratiba, kila baada ya saa sita, isizidi gramu 4 kwa siku, asisubiri mpaka azidiwe. Na simu moja kwa daktari wa magoti. Huyu alikuwa mgonjwa wa maumivu kabla hajawa mgonjwa wenu wa operesheni, na mlilijua hilo, liko kwenye faili!

Nimepiga Dar, nimeambiwa tungeuliza huku huku. Zahanati nao wanasema wao hawakumpasua.

Kama kuna mtu humu alipewa maelekezo ya maandishi kuhusu dawa za maumivu baada ya operesheni hii, naomba apige picha afiche jina, aiweke hapa. Nataka kuichapa, nyingine ikae kwenye pochi ya dada, nyingine nimpelekee muuza dawa wa pale njia panda.