WANA WA KATUMBA 🍌 (kikundi cha familia)

Jumanne

Dada Atupele 06:12
Mugonile familia. Narudia kwa mara ya mwisho. Pasaka alfajiri tunakutana kwa ibada makaburini Katumba saa 11 kamili, jua halijatoka. Watu wa tarumbeta wamekubali, wanataka nauli na chai tu. Mchango 50,000 kwa kila mtu mzima, M-Pesa namba yangu ile ile. Sementi na vigae vya kaburi la Baba vimo humo humo. Mpaka sasa wametoa Baba Mdogo na Mama Mkubwa. WASTAAFU WAWILI. Kikundi kina watu 23.

Lusajo 06:40
Saa 11 alfajiri, Katumba, na mvua hii? Marehemu wenyewe wataomba tusogeze mbele 😂

Dada Atupele 06:41
Toa hela kwanza ndipo uchekeshe.

Lusajo 06:41
Hela bado iko ardhini dada, viazi havijakomaa.

Tusajigwe Kyela 07:55
Mimi naleta mchele kilo 20. Uhesabu basi kwenye hiyo 50.

Dada Atupele 07:56
Mchele ni mchele, hela ni hela.

Dada Atupele 08:10
Majina yatakayosomwa: Baba, Mama, Bibi mzaa Baba, Shangazi Tabu, mapacha wa Tusa. Kama nimemsahau mtu semeni leo, kesho asubuhi napeleka karatasi kwa mzee wa kanisa.

Mama Kelvin 13:22
🚫 Ujumbe huu umefutwa

Lusajo 13:24
Wifi umefuta nini tena, tulikuwa tunasubiri picha ya msosi

Mama Kelvin 13:30
Nilikuwa nauliza tu. Baba Kelvin hayumo.

Dada Atupele 13:52
Wifi yangu, si kwa ubaya. Niliambiwa la Ipyana nisilifukue.

Tusajigwe Kyela 13:53
Uliambiwa na nani?

Dada Atupele 13:53
Tusa, tuongee sementi.

Tusajigwe Kyela 13:58
Hapana. Siku ile kuna mtu alisema huyu hakuwa mtu wa kanisa, fukieni haraka mvua inakuja. Mwamvuli nilishika mimi, nilisikia. Mpaka leo hana hata msalaba wa mbao. Migomba imemfunika, watu wakienda kukata ndizi wanamruka tu kama mfereji.

Binamu Anyosisye 14:05
*Imesambazwa mara nyingi*
WAKULIMA WA PARACHICHI RUNGWE NA BUSOKELO, SOKO LA HASS LIPO, BEI NZURI...

Dada Atupele 14:05
Anyosisye!!

Kaka Gwakisa 14:31
Tusa, mimi nimo humu. Ukiwa na neno nitaje. Ndiyo, nilisema. Maji yalikuwa yanaingia kaburini na koleo tulishika mimi na Baba Mdogo, nyie mlikuwa jikoni. Jina lake lilishafutwa kwenye daftari la ushirika kanisani, sikulifuta mimi. Na jeneza nani alinunua?

Lusajo 14:32
*stika: kuku anakimbia*

Lusajo 14:32
Samahani imejituma yenyewe

Mama Kelvin 14:50
Mwanangu huwa ananiuliza kama baba yake naye atafufuka au atabaki hapo kwenye migomba wenzake wakiinuka. Sina la kumjibu ndiyo maana nimeuliza.

Baba Mdogo Mwalimu 16:17
Mama Kelvin, mwambie Kelvin swali lake ni la zamani. Wathesalonike waliogopa hivyo hivyo. Ndugu zao walikufa Bwana hajarudi, wakadhani ndio wamekosa. Paulo akawajibu, sura ya 4, kwamba walio hai "hatutawatangulia wao waliokwisha kulala mauti." Na hapo hapo hakukataza watu kulia, Gwakisa. Alikataza kuhuzunika kama wasio na matumaini. Daftari la ushirika linashikwa na mzee wa kanisa, mimi nimelishika miaka mingi, lina makosa mengi ya kalamu. La uzima analo Mwenyewe.

Lusajo 16:19
Kwa hiyo Baba Mdogo, marehemu ndio wanapanda Costa kwanza?

Baba Mdogo Mwalimu 16:21
Ndiyo. Na wewe utasimama, maana hujalipa nauli.

Tusajigwe Kyela 16:21
😂😂😂

Baba Mdogo Mwalimu 16:34
Atupele, na hivyo vigae. Ibada hii ya alfajiri ilianza Herrnhut, Ujerumani, 1732. Vijana walikwenda makaburini kungali giza, wakaimba. Makaburi ya kule mawe yamelazwa bapa, yote sawa, mkubwa na mdogo. Wamisionari waliofika Rungwe 1891 walitoka kwenye kanisa hilo hilo la Moravian. Sasa sisi mmoja tumpe vigae, mwingine migomba?

Dada Atupele 16:36
Baba Mdogo vigae vimeshalipiwa nusu Mwanjelwa. Mwenye duka harudishi hela.

Neema wa Mama Mkubwa 18:03
Shikamooni wote. Nimemsomea Bibi kila kitu tangu asubuhi. Kasema niandike anavyosema, nisipunguze:

"Ipyana nilimuuguza mimi. Miezi ile hakuna aliyekuja, kila mtu alikuwa na kazi. Usiku wa mwisho aliomba nimwimbie, nikaimba, akaitikia mpaka sauti ikaisha. Nikamfumba macho. Ninyi mmejuaje hakuwa mtu wa kanisa? Mama yenu ni mdogo wangu na nitamwona kabla yenu, miaka yangu mnaijua. Siendi kumwambia kwamba mwanawe tulimwacha nje. Ataniuliza, na mimi sijawahi kumdanganya. Jina la Ipyana lisomwe, tena liwe la kwanza. Atakayeona vibaya asije."

Amesema hivyo. Sasa anakula.

Dada Atupele 20:47
Ndaga Mama. Nimeliandika la kwanza.

Mama Kelvin 20:49
Ndaga fijo Mama.

Kaka Gwakisa 22:15
Nimetuma 150,000. Hamsini yangu, inayobaki ya sementi.

Tusajigwe Kyela 22:16
Sementi ya kaburi lipi kaka?

Dada Atupele 22:30
Imeingia. Kwa hiyo wametoa watatu kati ya 23, tusipongezane bado.

Jumatano

Dada Atupele 06:05
Fundi anasema mifuko haitoshi makaburi mawili na vigae juu. Ama tumpe Baba vigae, ama wote wawili sakafu ya kawaida na misalaba. Vigae nikivikataa nusu ile imepotea. Amueni leo, nataka majibu, sitaki vidole gumba. Kaka Gwakisa nakusubiri wewe.

Shemeji Ambokile 09:40
👍

Dada Atupele 09:41
Shemeji 👍 ya nini?

Lusajo 10:02
Costa inaanzia Uyole au Mwanjelwa?

Baba Mdogo Mwalimu 11:15
Mimi naanza kufyeka pale kwa Ipyana Jumamosi asubuhi, mvua iwepo isiwepo. Kelvin aje. Kila mtu na panga lake.

Lusajo 11:16
Panga linahesabiwa kwenye mchango?