Seva ipo hapa hapa Dar imefungiwa chumbani, sisi tunapanga foleni Ulaya!

Wakuu, habari za saa hizi. Mods naomba msiuhamishe huu uzi mkauzika kule kwenye jukwaa la kompyuta, leo nina hasira.

Nasoma uzamili. Kazi yangu ni kuiga mawimbi na mikondo ya Kunduchi kwenye kompyuta, nione mchanga unakoenda. Wakazi wa kule mnajua bahari ilivyoula ule ufukwe. Natumia Delft3D na SWAN, programu za kuiga mikondo na mawimbi, zote za bure; Waholanzi waliufungua msimbo wa Delft3D tangu 2011. Kwa hiyo shida si programu. Shida ni mashine, yaani seva, kompyuta kubwa yenye nguvu, na mashine IPO, mjini hapa hapa, kwenye taasisi ambayo siitaji. Mradi ulikuja, ukanunua, utepe ukakatwa, picha zikapigwa. Leo ukienda unaambiwa AC ya chumba imekufa, seva ikiwashwa inachemka inajizima. Fundi je? "Tumeshaandika barua." Funguo? Anazo mzee mmoja, yuko safari. Safari gani hii ya tangu Machi jamani?

Nimekiona kile chumba mara moja tu, mhudumu alikuwa anadeki. Seva imefunikwa kitambaa cha meza, vile vya kufuma vya maua, na juu yake kuna katoni mbili za karatasi na chupa ya chai. Nilitamani kulia.

Nikarudi geto Sinza, nikaanza na kompyuta yangu ya mezani yenye kori nne (vichakataji vinne ndani ya chipu). Kwa asiyejua: bahari unaigawa viboksi. Ukichukua kina cha bure cha GEBCO, ramani ya kina cha bahari za dunia nzima, kiboksi kimoja ni kama mita 450, yaani kisiwa cha Mbudya kizima kinabaki viboksi vichache, na Mbudya ndiyo inayouvunjia mawimbi ufukwe wenyewe! Lazima uminye. Ukipunguza kiboksi nusu, idadi inakuwa mara nne, na hatua ya muda nayo unaikata nusu, kwa hiyo kazi inapanda karibu mara nane. Punguza tena, mara 64. Na huwezi kuendesha siku mbili ukasema umemaliza. Unahitaji kama siku 15 za bahari upate bamvua na maji mafu, halafu urudie yote, kaskazi peke yake na kusi peke yake.

Kompyuta yangu ilitaka siku tisa. Siku ya sita, saa nane usiku, umeme ukakatika. UPS ikalia dakika nne ikanyamaza. (Ndiyo, najua, nilitakiwa kuhifadhi faili la kuanzia upya, lile linalotunza kazi ilipofikia, kila baada ya saa kadhaa. Sikuhifadhi. Msinitukane, nimeshajitukana mwenyewe.)

Msimamizi akaniombea akaunti kwenye klasta (kompyuta nyingi zilizounganishwa) ya chuo kimoja Ulaya. Nikakaa foleni siku nne, kazi ikaanza, sekunde arobaini ikafa. Programu niliyoijenga geto haikuelewana na MPI ya kwao, ule mfumo wa kuzifanya kori nyingi ziwasiliane. Nikaijenga upya kule kule, jioni tatu, intaneti ikinitesa: unaandika amri, unakunywa chai, ndipo herufi zinatokea. Foleni tena siku tano. Safari hii ikakimbia kwenye kori 64, raha tupu, mpaka ilipogonga kikomo chao cha saa 48. Ikakatwa ikiwa imebakiza siku moja na nusu ya bahari.

Faili la kuanzia upya nilikuwa nalo, nikasema alhamdulillah. Nikaenda msibani Tanga. Kurudi nakuta kweupe. Kumbe kwenye ile diski ya muda, faili lisiloguswa siku 14 linafagiwa. Onyo walimtumia msimamizi kwa barua pepe, na msimamizi wangu barua pepe anafungua akikumbuka.

Ya bando sitaki hata kuanza. Matokeo ya jaribio dogo tu yalikuwa GB 40, maana niliandika ramani kila dakika kumi kama mwehu. Bando liliisha kwenye GB 11.

Sasa kabla hamjaja na "kodi wingu", yaani kompyuta za kukodi mtandaoni: nimepiga hesabu, kwa dola na kwa saa, hela hiyo nalipa kodi ya chumba mpaka mwakani. Na Wazungu sina ugomvi nao, mashine yao, sheria zao. Hasira zangu zote ziko kwenye kile kitambaa.

Mdau yeyote anayefahamiana na huyo mzee wa funguo amfikishie: AC sihitaji. Nitakuja na feni yangu, nitaendesha usiku kukiwa na ubaridi, na kitambaa nitakikunja nikirudishe kama kilivyokuwa. Hata chupa ya chai.