Kiziwi akikutana na doria usiku: ajulikane vipi kabla askari hajainua silaha?

Mbeba_Mawese (Kigoma)

Wakuu, habari za mchana. Kwenye kikundi chetu cha wabeba mawese kwa baiskeli tuna vijana watatu viziwi. Wanatoka Simbo saa tisa usiku wakiwa na madumu matatu ya lita 20 kila mmoja ili wafike soko la Mwanga kabla hakujapambazuka. Njiani kuna doria, na mkoa huu mnaujua: tuko mpakani, ukaguzi wa wahamiaji haramu hauishi, na mtu asiyejibu swali anatiliwa shaka hapohapo. Kiziwi akiitwa kwa nyuma hasimami. Si ubishi, hajasikia.

Sitaki tusubiri mtu apigwe risasi ndipo tuitishe kikao. Tuwavalishe nini, tuwafundishe nini, na kituoni twende kusema nini? Sheria inamruhusu askari kwenda mpaka wapi? Na mtaani tuna kijana mgonjwa wa akili, akichafukwa hushika panga. Watu wanataka kupiga simu polisi, mama yake anakataa. Nani yuko sahihi?

MkufunziWaDoria

Mkuu, tuanze na upande wa askari, maana uamuzi unafanyika huko. Usiku askari hamsomi mtu, anasoma mwitikio wake. Kasema "simama", kivuli hakikusimama. Karudia kwa ukali, kivuli kimeongeza mwendo kwa sababu hapo ni mteremko. Wazo la "labda hasikii" linapotea, linabaki la "anakimbia". Kiziwi akija kuuona mwanga wa tochi anageuka ghafla, mkono unaenda mfukoni kutafuta simu aandike, au anaanza kuongea kwa ishara mikono ikienda mbiombio. Yeye anajieleza. Mwenye SMG, ile bunduki ya doria, anaona mtu anayetafuta silaha.

Msidhani mashahidi wataokoa. Oklahoma City, Marekani, Septemba 2017, Magdiel Sanchez, kiziwi wa miaka 35, aliuawa na polisi nje ya nyumba yake akiwa na bomba la chuma mkononi. Majirani walikuwa wanapiga kelele kwamba hasikii. Sauti zikiwa nyingi, askari anazisikia zote kama fujo moja. Huku kwetu Afrika kuna Nathaniel Julies, kijana wa miaka 16 mwenye ulemavu wa akili aina ya Down, aliyepigwa risasi Eldorado Park, Johannesburg, Agosti 2020, karibu na kwao. Alikuwa na shida ya kuongea. Askari walitiwa hatiani 2023, lakini mtoto ndiyo hayupo tena.

Sasa mavazi. Kibao kiwe MGONGONI kwanza, kifuani baadaye, kwa sababu amri nyingi hutoka nyuma. Chukueni reflekta ya njano, yaani kizibao kinachong'aa kikimulikwa, andikeni kwa rangi nyeusi neno moja tu: KIZIWI. Herufi ziwe na urefu wa sentimita 10 na unene wa kidole kimoja. Herufi hizo zinasomeka kwa tochi kabla askari hajafika karibu. Za sentimita 2 au 3, ambazo ndizo wachapaji wengi watawapa, zinamlazimu asogee hadi hatua chache, na sisi hatutaki asogee akiwa na wasiwasi. Msiandike sentensi mgongoni. Sentensi iwekwe kwenye kadi ya kifuani iliyofunikwa plastiki na kuning'inizwa shingoni: "Mimi ni kiziwi. Sisikii amri. Nioneshe kwa mkono au andika." Kadi isikae mfukoni. Kadi ya mfukoni inamlazimu mtu afanye kitendo kilekile kinachoogopwa.

Baiskeli ifungwe vioo viwili, kulia na kushoto. Kwa kiziwi kioo ndicho sikio la nyuma.

Kuna jambo moja la wabeba mawese ambalo wengi hawaliwazi. Lita 60 za mawese zina uzito wa kilo 50 na ushee. Amri ya "mikono juu" kwa mtu aliyeshika mzigo huo maana yake baiskeli inaanguka, huenda upande wa askari, na yeye mwenyewe ataruka kuidaka. Wafundisheni hivi: ukiona mwanga kwenye kioo, acha kukanyaga pedeli, sogea pembeni taratibu, simama na miguu yote miwili chini, mikono ibaki kwenye usukani vidole vikiwa vimenyooka ili ionekane hujashika kitu. Usigeuze mwili. Geuza kichwa tu. Askari akifika mbele yako, inua mkono mmoja polepole, gusa sikio, tikisa kichwa, onesha kadi, rudisha mkono. Mzigo utakalia stendi baada ya yeye kukuonesha ushuke. Fanyeni zoezi hilo usiku, na madumu yakiwa na maji ya kweli, mmoja akicheza askari. Mchana na madumu matupu hamtajifunza chochote.

Kituoni nendeni kwa OCS, mkuu wa kituo, na barua ya ukurasa mmoja: idadi ya vijana, njia, saa za kupita, na picha ya reflekta kwa mbele na kwa nyuma. Muombe isomwe wakati wa kupanga zamu. Mkaguzi wa polisi wa kata apewe nakala, na mwenyekiti wa mtaa naye. Kosa la kawaida ni kupeleka barua mara moja na kulala. Askari wanahamishwa, zamu zinabadilika, barua inakaa kwenye faili. Rudini kila mwezi.

Wakili_Unyanyembe (Tabora)

Kwenye sheria. Kifungu cha msingi kiko kwenye Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, kifungu cha 21 kwa toleo la 2022. Ukiwa na toleo jipya tafuta kwa kichwa cha kifungu, nguvu wakati wa kukamata, usishikilie namba. Kinasema nguvu isizidi ile inayohitajika kumkamata mtu au kumzuia asitoroke, na mtu asidhalilishwe kuliko inavyolazimu. Kitendo kinachoweza kuua hakiruhusiwi ila askari akiamini, kwa sababu za msingi, kwamba ni lazima ili kuokoa maisha au kuzuia madhara makubwa kwa mtu. Kwa anayekimbia kuna sharti la ziada: awe ameitwa kwanza ajisalimishe.

Hapo ndipo penye mfupa. Kiziwi aliyeitwa kwa mdomo gizani ameitwa? Hoja ya kujenga ni kwamba wito ambao mwitwaji hawezi kuupokea haujatimiza lengo la sheria, hasa kama kibao kilisomeka. Kanuni za Msingi za Umoja wa Mataifa za 1990 kuhusu matumizi ya nguvu na silaha zinataka onyo liwe wazi na mtu apewe muda wa kulitii. Tanzania iliridhia Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu 2009, na ibara ya 13 inazitaka nchi zihimize mafunzo yanayofaa kwa wanaosimamia haki, na polisi wametajwa kwa jina. Tuna pia Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya 2010. Kwa hiyo ile barua ya OCS aliyoitaja mkuu hapo juu ni ushahidi pia. Pelekeni nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, mrudi nayo. Bila muhuri kituo kitasema hakikujua.

Mtu akijeruhiwa: hospitali kwanza. PF3, fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi, ifuatwe mara moja, ila msimwache mtu anavuja damu kwa sababu ya karatasi. Kama wahusika ni wa kituo kilekile, PF3 ichukuliwe kituo kingine. Nguo alizovaa, pamoja na reflekta, zisifuliwe. Zianikwe zikauke kivulini, ziwekwe kwenye bahasha za karatasi, kila nguo na bahasha yake. Mfuko wa plastiki unaozesha damu. Maganda ya risasi msiyaokote. Yapigeni picha na kitu kando cha kuonesha ukubwa, pimeni kwa hatua umbali kutoka pale alipoangukia, na mwenyekiti wa mtaa aone.

Akifariki, msikubali kuzika kwa haraka. Ombeni kwa maandishi uchunguzi wa mwili, na daktari au ndugu wa upande wenu awepo. Ripoti ioneshe risasi iliingilia wapi na kutokea wapi, kwa sababu tundu la mgongoni linaeleza mengi kuliko maelezo ya kituoni. Kuna Sheria ya Uchunguzi wa Vifo, Sura ya 24, ambapo hakimu husikiliza mashahidi kuhusu chanzo cha kifo. Familia nyingi haziiombi kwa sababu hazijui kama ipo. Malalamiko yaende kwa RPC, kamanda wa polisi wa mkoa, na nakala Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Kuidai serikali fidia mahakamani kunahitaji notisi ya siku 90 kabla ya kufungua kesi, na Mwanasheria Mkuu lazima aunganishwe. Madai ya madhara ya aina hii yana ukomo wa miaka 3. Watu wanapoteza mwaka mzima wakisubiri "uchunguzi unaendelea".

NesiWaAkili_Tbr

Nianze na huyo kijana wa panga. Mama yake ana hoja, na majirani wana hoja. Kinachoamua ni maneno ya kwenye simu.

Mtu akitaka polisi wafike upesi husema "kuna jambazi ana panga anaua watu". Difenda inafika na silaha zimeshakokiwa, na askari wameshajiandaa kwa jambazi. Mkipiga 112 au kituo cha karibu semeni kwa mpangilio huu: mahali mlipo, kwamba ni mgonjwa wa akili anayejulikana na anatibiwa, ana silaha gani, msifiche na msiongeze, kuna watoto au watu waliokwama naye ndani au hakuna, mgonjwa humsikiliza nani, na huyo yuko wapi. Mjumbe mmoja asimame barabarani awapokee awarudie hayohayo. Wengine wote waondoke. Umati ukipiga mayowe, na Unyamwezini yowe la sungusungu kila mtu analijua, mgonjwa anazidi kujihami.

Mtu mwenye panga anaweza kuvuka kama mita 6 kwa sekunde moja na nusu hivi. Askari akimsogelea hadi mita tatu amejinyima muda, mgonjwa akimrukia hakuna kilichobaki ila kufyatua. Mara nyingi wa doria ana kirungu na bunduki, katikati hakuna kitu. Kwa hiyo apate umbali wa mita 10 na zaidi, na awe na kitu katikati: gari, ukuta, tanuri la tofali, hata meza. Aongee mmoja tu, sauti ya chini, sentensi fupi, amuite kwa jina lake. "Juma, hakuna anayekugusa. Weka chini." Anyamaze, asubiri. Mgonjwa anayesikia sauti kichwani anahitaji muda mrefu kuichambua ya nje, na kurudia amri kila sekunde mbili kunamchanganya. Kama hakuna mtu yuko hatarini, hakuna haraka yoyote. Nusu saa ya kusubiri ni kazi ya polisi pia.

Akishashikwa, hatari haijaisha. Kumlaza kifudifudi, pingu nyuma, watu wawili wamemkalia mgongoni: hapo pumzi inakata, na kelele zake watu wanazidhani ni ukorofi. Alazwe ubavu mara tu pingu zikifungwa, mgongo usikaliwe. Aliyetoka kwenye kifafa ndiyo kabisa. Anaweza kuwa amechanganyikiwa dakika nyingi, ukimkaba atapigana bila kujua. Muondoleeni vitu vya kumuumiza, muacheni arudi mwenyewe. Sukari iliyoshuka nayo inafanana na ulevi, kadhalika mwendo wa mtu mwenye mtindio wa ubongo.

Sheria ya Afya ya Akili ya 2008 inamtambua polisi miongoni mwa wanaoweza kumfikisha mgonjwa kwenye matibabu. Muombeni apelekwe hospitali, siyo lokapu. Kigoma ni Maweni, kwetu Tabora ni Kitete. Bebeni kadi ya kliniki na vidonge vyake. Mara nyingi chanzo cha kuchafukwa ni dawa kukatika, kwa hiyo mama ahesabu vidonge kila wiki kuliko kuhesabu majirani wabaya.

Ntare_wa_Mwandiga

Haya yote mazuri, ila reflekta ya KIZIWI mwizi naye ataivaa. Wasafirisha magendo watakuwa viziwi wote ndani ya mwezi.

MkufunziWaDoria

Mkuu Ntare, avae. Reflekta haimpi mtu ruhusa ya kupita, inambadilishia askari namna ya kusimamisha: badala ya kupaza sauti nyuma, anazunguka mbele na tochi, anamulika mkono wake mwenyewe ukionesha "simama". Ukaguzi uko palepale, mzigo utafunguliwa kama kawaida. Mwizi aliyeivaa kajichagulia kukaguliwa kwa karibu zaidi. Mkitaka, ongezeni namba ya kikundi chini ya neno KIZIWI, na namba hizo ziwe kwenye ile barua.

Na nilisahau pingu. Kiziwi akifungwa mikono nyuma umemfunga mdomo. Kama hakuna vurugu zifungwe mbele, na taa iwepo aone nyuso.

Mbeba_Mawese (Kigoma)

Asanteni sana wakuu. La mwisho: mmoja wa vijana hakusoma, hajui kuandika, na alama zake ni za nyumbani kwao tu. Akipelekwa uhamiaji kuulizwa uraia itakuwaje?

Wakili_Unyanyembe (Tabora)

Huyo ndiye wa kumuandalia zaidi. Mtu anayehojiwa anapaswa kuelezwa haki zake kwa lugha anayoielewa vizuri, na kukaa kimya kwake kusiandikwe kuwa amekataa kujibu. Mkalimani wa lugha ya alama anayepatikana kupitia CHAVITA, Chama cha Viziwi Tanzania, anaweza asimuelewe, kwa sababu alama za nyumbani si Lugha ya Alama ya Tanzania. Wanahitajika wawili: ndugu anayezijua alama zake, na mkalimani, ikiwezekana pamoja na kiziwi mwingine mzoefu wa kufafanua. Ndugu peke yake hatoshi, anaweza kumjibia. Kidole gumba kisiwekwe kwenye maelezo kabla hao hawajafika.

Kitambulisho cha NIDA kiachwe nyumbani, kijana atembee na fotokopi yake iliyofunikwa plastiki, nyuma yake pameandikwa kwa kalamu isiyofutika jina na simu ya ndugu huyo, na ya mwenyekiti wa kijiji. Ndugu naye simu yake isizimwe kuanzia saa tisa usiku.