Mnabakiza ukuta, mnang'oa mizani: malalamiko ya watu wa malori kuhusu ukingo wa Thames

Wakuu, nafungua uzi huu nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Kuanzia Wapping na Shad Thames hadi Deptford, Greenwich na Silvertown, ukingo wa Mto Thames jijini London umebomolewa jengo baada ya jengo. Likibakizwa moja, kinachobaki ni ukuta wa mbele. Mizani ya malori inang'olewa, jukwaa la kupakia linachongwa hadi usawa wa barabara, geti lililopitisha trela linazibwa kwa kioo. Kisha kinapachikwa kibao cha historia chenye meli na makuli, na watu wa malori hawamo kabisa, ingawa bila wao shehena ingeozea gatini.

Kwanza niseme tusichokilalamikia. Gati zilikufa kwa sababu ya kontena, hilo halina ubishi. Meli zikawa kubwa, zikataka kina na uwanja mpana, kazi ikashuka mto hadi Tilbury. Surrey ikafungwa 1970, West India na Millwall 1980, gati za Royal 1981. Hasira yetu ni kwa yaliyofuata: majengo yaliyoachwa yalihesabiwa kuwa sura tu, na namna yalivyofanya kazi ikatupwa kwenye makontena ya kifusi.

Chukueni Shad Thames. Butler's Wharf ilijengwa 1871 hadi 1873, ikafungwa 1972. Kila mgeni anapiga picha yale madaraja ya chuma yanayokatiza juu ya barabara. Yamebakizwa, yamepakwa rangi, yamegeuzwa vibaraza vya fleti. Kazi yake ilikuwa kuvusha mzigo kutoka ghala la mtoni hadi ghala la nyuma bila kushuka chini, maana chini palikuwa na mkokoteni au lori, na barabara ni nyembamba kiasi kwamba gari moja likipakiwa, la nyuma linasubiri. Ondoa lori kwenye maelezo hayo na madaraja hayana maana tena.

Na kreni za ukutani? Mkono unaonekana, nguvu yake haielezwi. Kampuni ya London Hydraulic Power ilisukuma maji chini ya barabara za mji kwa mgandamizo wa karibu bari 50. Kituo chake cha Wapping kilianza 1890 na kufungwa 1977. Ndani ya ghala kulikuwa na pistoni yenye mwendo mfupi, mnyororo ukapitishwa kwenye kapi kadhaa, na kila kapi iliongeza safari ya ndoano, hivyo pistoni ikisogea kidogo, gunia linapanda ghorofa nzima. Matatizo yake yalijulikana: ngozi za kuzibia pistoni zilichakaa zikavuja na mzigo ukaanza kushuka wenyewe polepole, baridi kali ilitishia kugandisha maji kwenye bomba. Mkono wa kreni ni mfupi, kwa hiyo lori lilitakiwa lisimame chini ya ndoano hasa. Likikosea kwa mita moja, mzigo unakuja kwa kuyumba na kugonga ubao wa mbele wa bodi, yaani sakafu ya lori ya kubebea mzigo. Ndiyo maana kwenye mawe ya barabara kulikuwa na alama za kuchakaa mahali palepale, gurudumu juu ya gurudumu. Mawe hayo yamefukuliwa na kupangwa upya yakiwa yamepigwa msasa.

Silvertown ndiko kunakoniuma zaidi. Millennium Mills, kinu cha unga, ilijengwa 1905, ikajengwa upya 1933, ikasimama kazi pamoja na gati mwaka 1981. Jengo lipo, na silo D ya zege (mnara wa kuhifadhia nafaka) iliyo karibu inalindwa kisheria, ila mitambo ya ndani imeondolewa. Nani ataeleza unga ulivyotoka pale? Enzi za magunia, gunia la vipimo vya zamani lilikuwa ratili 280, yaani kilo 127, baadaye ikatumika nusu yake, kilo 63.5. Tani 20 ni magunia kama 315. Yalishuka ghorofani kupitia mteremko wa mbao uliojizungusha kama skrubu, yakatua juu ya bodi la lori. Kimo cha jukwaa kilikuwa kila kitu: jukwaa likiwa juu ya bodi gunia linaanguka na kupasuka, likiwa chini linainuliwa kwa mgongo, mara 315.

Baada ya hapo turubai. Unga na sukari havisamehe maji hata kidogo. Turubai la nyuma hutandikwa kwanza, la mbele ndilo linalolalia juu yake, ili upepo wa safari na mvua vipite juu ya mshono badala ya kuingia chini yake. Ukigeuza mpangilio huo, upepo unafumua mshono barabarani na magunia ya katikati yanafika yameganda kama matofali. Pembe hukunjwa kama bahasha, mkunjo ukitazama nyuma. Kisha kamba: inapita juu ya mzigo, inarudi kwenye ndoano chini ya bodi, inafungwa kwa kitanzi kinachotumika kama kapi ili mtu mmoja aikaze kwa uzito wa mwili wake. Baada ya kilomita chache za kwanza inakazwa tena, kwa kuwa magunia hujipanga na kamba hulegea. Kazi hii ilihitaji paa la kusimama chini yake siku ya mvua. Vinu vingi vilikuwa na paa hilo mbele ya mlango wa kupakia. Nionyesheni hata moja lililobakizwa ambalo kibao chake kinasema lilikuwa la nini.

Jibu #2

Mkuu umenena. Naongeza upande wa matangi, maana watu wanafikiri magunia yalipoisha basi na ujuzi uliisha.

Lori la tangi la unga linabeba tani 28 hivi na kushusha kwa upepo. Ukifika, kwanza waya wa kuondoa umeme tuli, kwa sababu vumbi la unga hewani hulipuka. Hakikisha chujio la juu ya silo linafanya kazi na silo ina nafasi ya kutosha. Unganisha mpira wa inchi 4, jaza upepo kwenye tangi hadi karibu bari 1, fungulia upepo kwenye bomba la kushushia, halafu ndipo ufungue valvu ya unga, taratibu. Ukifungua unga kabla ya upepo kutembea, bomba linaziba na utalizibua kwa nyundo ya mpira. Mzigo mzima huchukua saa moja hadi moja na nusu.

Hatari kubwa iko mwishoni. Unga ukiisha, mgandamizo uliobaki tangini hautakiwi kuachiwa wote kwa mkupuo ndani ya silo. Kama chujio limeziba, hewa haina pa kutokea, valvu ya usalama inafunguka na paa zima linakuwa jeupe. Ikikwama hiyo valvu, paa la silo ndilo linaloinuka.

Sasa angalieni viwanda vya zamani vilivyopangwa na watu walioelewa hili. Bomba la kujazia lilitokeza ukutani usawa wa kifua, mbele yake sakafu ya zege iliyonyooka, ili mpira ulale bila kona kali. Kona kali hupunguza kasi na unga huutoboa mpira kwa ndani palepale. Kiwanda cha glukosi cha Tunnel Avenue, Greenwich, kilifungwa 2009 na silo zake zikaangushwa. Tangi kubwa la gesi la jirani yake, la miaka ya 1880, nalo limekwenda. Hao ndio waliokuwa alama za njia. Dereva aliona tangi la gesi akajua yuko upande gani wa rasi ya Greenwich bila kutazama kibao chochote.

Jibu #4, mwenye uzi

Shukrani mkuu #2. Mkuu #3 ameuliza tunataka nini, malori yarudi katikati ya makazi? Nakujibu kwa heshima, kaka, lakini swali lako limekalia pale wapangaji wa mji walipokalia: mnadhani malori yameondoka. Hayajaondoka. Nyumba zilizochukua nafasi ya ghala zinaletewa saruji, friji, magodoro na chakula, na taka zake zinatolewa. Kilichoondoka ni mahali pa kusimama.

Lori la semi-trela la Uingereza, kichwa na trela pamoja, kwa kawaida lina urefu wa hadi mita 16.5. Sheria inalitaka liweze kuzunguka ndani ya duara la nusu kipenyo cha mita 12.5 kwa nje huku likibakiza nusu kipenyo cha mita 5.3 kwa ndani. Nyua za viwanda vya zamani zilikuwa finyu, lakini zilikuwa na geti mbili, la kuingilia na la kutokea, kwa hiyo lori halikurudi nyuma barabarani. Majengo mapya yana geti moja, nguzo za chuma pande zote, na mti uliopandwa hasa pale ambapo mkia wa trela hufagia. Dereva analazimika kuingia kwa rivasi kutoka barabara yenye baiskeli, au kushusha akiwa kando ya barabara huku anapigwa faini. Hiyo ni hatari iliyochorwa kwenye ramani na mtu akaiwekea sahihi.

Na mahandaki ya kupita chini ya Thames. Blackwall la zamani, la kwenda kaskazini, ni la 1897 na kimo chake cha mwisho ni mita 4.0. Pacha wake wa kwenda kusini alifunguliwa 1967, mita 4.72. Maana yake trela yenye kimo kikubwa inashuka kusini kwa njia moja na haiwezi kurudi nayo. Rotherhithe la 1908 sasa linaruhusu magari yasiyozidi mita 2 kwa kimo na mita 2 kwa upana. Aprili 2025 likafunguliwa handaki la Silvertown, malori yenye kimo kikubwa yanapita na yana njia yao pamoja na mabasi. Hilo ni jema na tunalisema wazi. Lakini siku hiyohiyo Blackwall nalo likaanza kutozwa, na lori la zaidi ya tani 3.5 likapangiwa pauni 10 saa za msongamano na pauni 5 saa nyingine za kutozwa, bila kimo cha lile la zamani kuongezeka hata sentimita.

Niingie kwenye jambo linaloniudhi kuliko yote: gati chache zilizobaki hai. Kuna gati zilizolindwa na mpango wa jiji ili zisigeuzwe nyumba. Tishari moja la tani 1,000 za kokoto linaondoa barabarani safari kama 50 za lori la ekseli nne linalobeba tani 20. Kila mtu anashangilia hesabu hiyo. Kisha zinajengwa fleti ukuta kwa ukuta na gati, mpangaji anahamia, wiki ya pili analalamika kelele, na gati linabanwa lifanye kazi mchana tu.

Mto haufuati saa za ofisi. Maji ya Thames hapa London hupanda na kushuka karibu mita 7 wakati wa bamvua. Maji yakitoka, tishari linakaa juu ya tope. Kujaa kwa maji husogea mbele kama dakika 50 kila siku, kwa hiyo wiki hii tishari linafika saa 4 asubuhi na wiki ijayo linafika saa 9 usiku. Ukilikataza la saa 9 usiku, umekata karibu nusu ya safari zake, na kokoto hizo zinarudi barabarani juu ya malori 50 ambayo mpangaji huyohuyo atayalalamikia. Mpango wa jiji wa 2021 unasema wazi kwamba anayejenga jirani na kelele iliyokuwepo ndiye anayepaswa kujikinga nayo: vioo vinene, vyumba vya kulala upande usiotazama gati. Tekelezeni hivyo. Malori nayo yaweze kubadilisha king'ora cha rivasi cha pi-pi kwa kile cha mlio wa kukwaruza, ambao haufiki mbali. Hilo ni juu yetu na wengi wameshafanya.

Mfano wa kwamba inawezekana upo Walbrook Wharf, katikati ya City, eneo la kale la biashara la London. Taka zinapakiwa kwenye matishari, na wakati kreni inafanya kazi njia ya watembea kwa miguu inafungwa kwa geti. Watu wanasubiri au wanazunguka.

Kwa yanayosubiri kubomolewa, tunadai vipimo vichukuliwe kabla ya greda kuingia, mbele ya mtu aliyewahi kupakia jengo la aina hiyo. Kimo cha jukwaa kutoka ardhini. Urefu wa sahani ya mizani, maana nyingi zilikuwa fupi kuliko trela na ilibidi kupima kichwa kwanza kisha trela, na ardhi isipokuwa sawa pande zote uzito unahamia ekseli nyingine na hesabu inapotoka. Upana wa geti kati ya mawe ya kulinda kona. Mahali bomba la kujazia lilipotokeza. Na kimo cha mlango kipimwe chini ya boriti ya ndani, si chini ya tao la nje, kwa sababu tao ndilo linaloonekana kwenye picha lakini boriti ndiyo iliyokuwa ikichana turubai.